Kamongo Katika Kijiji Changu cha Kioo

Kosa ni langu. Mwalimu Mkuu alinikabidhi tangi la kioo nimwonyeshe mgeni wa wilaya samaki wanavyoishi kijamaa. Ikifana, ningethibitishwa kazini. Furu kumi, visamaki vya ziwani, nilikuwa nao, wanang'aa kama shanga. Nilikosa samaki wa kukaa chini.

"Mwalimu, chukua gogogo, naye hukaa chini," alinishauri mama muuza samaki mwaloni Kirumba. "Huyo kamongo uliyemshika atawameza wenzake."

Mimi, mtunzi wa riwaya, nilimtazama kamongo usoni nikaona mzee mpole. Nikamtia tangini, nikabandika na shairi: "Kijiji Chenye Amani."

Kesho yake mgeni alifunua kitambaa, akasoma shairi lote kwa sauti, kisha akainamia kioo.

"Ndugu Mwalimu, mwenyekiti nimemwona, amenenepa. Wanakijiji wako wapi?"