Kutafuta Programu ya Kumficha Mama Mkubwa

Simu ya kupangusa niliinunua Masasi, siku hizi za soko huria ambapo duka la vitenge linauza pia simu na dawa ya mikorosho. Mwenye duka aliniwekea programu nne za kupigia muziki, akasema, "Jaribu mwenyewe, mama, utachagua." Nichague kwa kigezo gani? Zote zilipiga muziki.

Shida yangu ilikuwa moja. Mama mkubwa wangu wa Chilangala, kungwi wa unyago tangu sijaolewa, alikubali nimrekodi akiimba wimbo wa ndani, ule wanaoimbiwa wari, wasichana wanaofundwa, chumbani. Kifua kilikuwa kinambana, alijua hatauimba tena. Sharti lake: mwanamume asiusikie. Nikaapa.

Programu ya kwanza ilipanga nyimbo kwa majina ya waimbaji, yeye ikamwandika "Msanii hajulikani". Nilikasirika. Hajulikani na nani? Ya pili ilimpa picha ya gitaa. Ya tatu sikuielewa kabisa. Kila nikiigusa inaleta tangazo la mafuta ya nywele. Ya nne ilikuwa tulivu, nikaiamini.

Jumapili mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuja kutusalimia. Akakaa barazani, mimi ndani, kama ilivyo adabu yetu, tukasalimiana kupitia dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

Nikamwekea muziki wa dansi asijione mpweke. Sikujua kwamba programu ile, nyimbo ulizochagua zikiisha, inaokota sauti yoyote iliyomo simuni. Dansi likaisha. Kikaja kikohozi cha mama mkubwa akisafisha koo, halafu ngoma.

Nilipapasa kioo kama kipofu, na kila nilipogusa sauti ikazidi kupanda. Mwishowe nikaizima simu yenyewe. Nilipochungulia, baraza ilikuwa tupu na chai yake bado inafuka.

Nilichanganyikiwa. Nikiufuta wimbo, sauti ya mama mkubwa ndiyo basi tena. Nikiuacha, kiapo changu kiko mikononi mwa kitu nisichokielewa. Nilikaa na simu mapajani, nikaogopa hata kuiwasha.

Kesho yake binti yangu akaja na simu ya mumewe.

"Mama, mwenzangu anasema alisikia kikohozi tu, akajua ni mambo ya unyago, akaondoka. Anasema ujaribu programu hii. Ina kabati la siri, unalifunga kwa namba."

"Amejuaje kama linaficha kweli?"

Binti yangu akatazama chini. "Ameweka wimbo wake humo. Wa jando. Hata mimi sijawahi kuusikia."

Alipokwenda jikoni akaniachia simu ya mumewe, nikaligusa lile kabati, kwa kuhakiki tu. Likadai namba. Nikagusa tena, likagoma. Nikamwita binti yangu aniwekee programu hiyohiyo.