Dina Alivyosimamishwa Ukutani

Wilhelmina Ladislaus alikuwa na miaka ishirini chuo kilipompeleka Makote, wilaya ya Newala, kufanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki nane. Ilikuwa mwaka 1994. Kwao ni Lupaso. Alikulia kwenye Kimakua na Kiswahili, na Kimakonde alikijua cha kusalimia tu. Darasa la chekechea lilikuwa ndani ya ghala la chama cha ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia vijijini na kuchukua korosho wenyewe. Watoto walikaa chini, juu ya magunia.

Mlezi wao, Mama Safari, alikuwa akipata posho yake kwenye chama. Chama kilipolegea posho ikakoma, na katika wiki ya pili ya mazoezi akaaga kwenda kuuza mitumba Newala mjini. Siku ya kuondoka alimwelezea Wilhelmina mtoto mmoja mmoja: huyu ana pumu, huyu kwao wamefiwa. Hajafika hata nusu, gari likapiga honi. Wilhelmina akabaki na watoto hamsini na watatu.

Dina alikuwa na miaka mitano hivi. Tangu Mama Safari aondoke alikuwa akikaa nyuma kabisa, akipiga makofi wenzake wakiwa wanamaliza, na akiulizwa kitu hakujibu. Wilhelmina alimwona mkaidi.

Wiki ya tano mkufunzi wake, Mwalimu Cecil, alikuja kumkagua. Somo lilikuwa kuhesabu kwa vizibo vya soda. Wilhelmina alimwita Dina mbele, akamwambia ahesabu. Mtoto alimtazama mdomo, kimya. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Mkufunzi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wilhelmina akamshika Dina mkono, akamsimamisha pembeni, uso ukutani, akaendelea. Somo likaenda vizuri. Watoto waliimba, wakaruhusiwa, naye akamsindikiza mkufunzi mpaka barabarani, akisifiwa njia nzima kwa kulimudu darasa.

Aliporudi kuchukua daftari la mahudhurio, Dina alikuwa bado amesimama pale pale, miguu imelowa mkojo. Alimwita, mtoto hakugeuka. Akapiga mlango wa bati kwa kiganja, ghala zima likavuma. Hakugeuka. Alipomgusa bega, Dina alishtuka, akajikinga kichwa kwa mikono miwili.

Alimfuta miguu kwa kanga yake, akampeleka kwao. Mama yake alikuwa uani anamenya mihogo. Wilhelmina alimwamkia, akamwambia mtoto amechelewa kwa sababu kulikuwa na mgeni. Ndipo aliposikia kwamba homa ya uti wa mgongo, mwaka juzi, ilikuwa imechukua masikio ya Dina.

"Nilimwambia Mama Safari," mama alisema. "Akawa anamkalisha mbele, amwone mdomo. Nilijua na wewe amekwambia."

Wilhelmina akaaga, akaondoka.

Kesho yake Dina hakuja, wala keshokutwa yake. Siku ya tatu Wilhelmina alikwenda kwao, na mtoto alipomwona tu akakimbilia ndani. Hapo akamweleza mama yote aliyoyafanya, na kwamba alimdanganya. Mama Dina alisikiliza huku kisu kikiendelea na muhogo.

"Mwache akae nyumbani kwanza, mwalimu," akasema.

Dina hakurudi tena. Wilhelmina aliulizia shule ya viziwi, akajibiwa kwamba iko mbali na nafasi hakuna. Mazoezi alifaulu kwa alama za juu. Msimu wa korosho ulipofika, ghala lilikodishwa kwa mnunuzi, na chekechea ikafa.

Alipangiwa kazi upande wa Lukuledi. Kila mwaka, watoto wapya walipoandikishwa, alipita nyuma yao akipiga makofi ili aone nani hageuki. Mwaka wa saba alikutana na Mama Dina sokoni Masasi. Dina alikuwa mkubwa sasa, analima na kutwanga, shule hajaiona tena. Wilhelmina aliomba aende kumsalimia siku moja. Mama akamwambia kwa upole kwamba Dina hapendi wageni.