Jani la Sale kwa Kobe

Gunia likilowa na kunuka, namkumbuka yule kobe. Bwana mmoja alileta sokoni kwetu magunia mabichi yenye chatu, kenge na kobe, akawatoa ili watu wawatazame. Mimi, kichwa ngumu, nikamchoma kobe usoni kwa kijiti. Akajifungia gambani, kimya. Nikalia, nikidhani nimemuua.

Mama akachuma jani la sale. Kwetu Uchaggani, ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe.

“Kampe.”

“Mama, mwenye kobe ni mimi,” bwana akasema.

“Wewe umechomwa kijiti?”

Nikapiga magoti, nikaliweka mbele ya kobe. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kobe akatoa kichwa, akalinusa, akaling'ata.

“Amekubali,” mama akasema. “Futa kamasi, twende.”