Nilivisha Jointi Iliyokufa Mpira Mpya

Mimi ndiye niliyekosa. Si barabara, si mvua, wala si shemeji yangu Shukuru. Ni mimi! Nisikilize mpaka mwisho, halafu unihukumu utakavyo, maana mimi nimeshajihukumu na haikusaidia kitu.

Nilitoka Kivu Kusini, Kongo, nikiwa fundi wa magari, na hapa kambini Nakivale, Uganda, ufundi huo ulinipa heshima ambayo mkimbizi haipati kirahisi. Kanisa letu lilikuwa na gari moja kuukuu, aina ya jipu. Mgonjwa akizidiwa, jipu. Mama akishikwa na uchungu, jipu. Dereva alikuwa Shukuru, mume wa dada yangu, mtu mpole ambaye hata mbuzi akivuka njia alisimama akamngoja.

Jipu likaanza kugonga mbele, upande wa kushoto. Wazee wa kanisa wakaniita baada ya ibada. Sikulala chini kutazama, sikuinua gurudumu. Nilishika kiuno tu nikatamka mbele ya watu wote: "Ni silambloki hizo. Zimekwisha." Yaani zile bushi za mpira zinazokaa kwenye mikono inayoshikilia magurudumu. Tena nikajitia kujua zaidi, nikasema siku hizi kuna bushi nyekundu za plastiki ngumu, hufungwa kwenye magari ya mashindano, na tukizipata hizo tutasahau shida.

Ah, mdomo wangu! Watu wakachanga, na mchungaji akaziombea bushi kabla hata sijazinunua.

Nikaendesha mwenyewe hadi mjini Mbarara. Bushi nilizipata mtaa wa Kakoba, nyekundu kweli, nikaenda nazo mtaa wa Ruti kwa Hajji mmoja mwenye mashine ya kuzishindilia. Hajji akainua gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Klok! Akaniambia nishike na mimi. Nikashika, nikatikisa, nikasikia.

"Sebo, bwana, bushi yako iko na nguvu bado," akasema. "Hii bol jointi ya chini, hii inashika gurudumu, ndiyo imekufa. Na hii bushi ngumu unaleta itaimaliza mbio mbio, sababu haimezi kishindo, inatupa yote kwa jointi. Rudisha kwa ile duka ya Kakoba. Huyo ni mutu yangu, atakubadilishia akupe jointi. Hakuna kuongeza kitu."

Hakuna kuongeza kitu! Ndugu yangu, maneno hayo yananila mpaka leo. Kilichotakiwa ni mimi kurudi Nakivale na kusema, wazee, nilikosea, haikuwa bushi. Basi! Lakini nilishaona nyuso zao, nilishasikia vijana wakinicheka kwamba kumbe fundi anabahatisha. Tena walikuwa wanangoja rangi nyekundu.

"Hajji, wewe funga hizi nilizoleta," nikamwambia.

Akazifunga. Kisha nikanunua duka la jirani mpira mpya wa kufunika ile jointi, nikamwomba auvishe, ili mtu akichungulia aone kitu kipya. Akaufuta mkono wake kwa kitambaa, akanitazama.

"Hiyo fanya wewe mwenyewe. Mimi sivalishi maiti nguo ya Idi."

Nikafanya mwenyewe. Nikashindilia grisi mpaka jointi ikanyamaza, nikauvuta mpira juu yake, nikafunga. Njia nzima kurudi jipu halikugonga, na mimi nikaanza kujidanganya kwamba labda Hajji ndiye hajui.

Jumapili wazee waliinama mmoja mmoja kuchungulia chini ya gari. Bushi zilikuwa zinang'aa. Mama mmoja akapiga vigelegele. Wakaanza kuniita Injenieri, na mimi nikaitika! Shukuru alinikumbatia akasema, "Shemeki, sasa nitaendesha na roho yenye kutulia."

Ilikuwa majira ya mvua Shukuru alipompeleka muumini mwenzetu, Mama Furaha, hospitali Mbarara. Alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na mumewe alibaki na watoto wengine. Kabla hawajafika kwenye lami jointi ikachomoka, gurudumu la kushoto likalala ubavu, na jipu likapinduka mtaroni.

Mama Furaha alikufa pale pale, na mtoto tumboni mwake. Shukuru alivunjika mguu sehemu nyingi.

Mimi ndiye niliyetumwa kulivuta gari. Nikaikuta jointi imetoka kwenye kikombe chake, na ule mpira wangu umechanika lakini bado mweusi, bado mpya. Nikaifungua nikaitupa katika ziwa la hapa Nakivale. Hakuna aliyeniuliza. Nani angemshuku Injenieri?

Hilo lilikuwa kosa. Sasa nakupa dhambi yenyewe.

Nilikwenda hospitalini Nyamitanga, kule Mbarara, alikolazwa Shukuru. Alinishika mkono.

"Shemeki, uniambie kweli. Ile rotile ya chini, uliiangaliaka muzuri?"

Jointi ndiyo tunayoiita rotile. Alikuwa ameuliza lenyewe hasa! Mlango Mungu alinifungulia wazi, nikaufunga kwa mkono wangu.

"Niliangalia. Ilikuwa muzima," nikasema. "Ni wewe ulikimbizaka sana, Shukuru."

Akaanza kulia, akasema, "Basi ni mimi nilimuua mama wa batu." Aliniamini. Alisahau hata alivyokuwa akiendesha, akashika neno langu.

Kwetu mtu akitenda jambo zito husimama mbele ya kanisa akatubu. Shukuru alisimama na magongo yake, akapiga goti moja lile lililokubali kukunjwa, akaomba msamaha kwa mwendo ambao hakuwahi kuukimbia. Mume wa Mama Furaha alitoka nje. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwekea Shukuru mikono kichwani kumwombea. Mikono hii hii!

Hakushika usukani tena. Dada yangu hununua maji mbali, kwa sababu kisimani wanawake wa ukoo wa marehemu humpa mgongo. Mimi nimejaribu kusema, nimefika hata mlangoni kwa Shukuru, nikaishia kuulizia afya. Sasa najua sitasema.

Wewe unayefunga magari, usitazame mpira mpya wala rangi ya bushi. Inua gurudumu, litikise, na likikuambia umekosea, rudi ukaseme siku hiyo hiyo, wacha wakucheke. Ukingoja, kosa lako litapata mtu mwema wa kulibeba, na hutaweza tena kumtua.

Juzi Shukuru alichechemea hadi kwangu kuniletea mihogo. Aliniambia kila usiku ananiombea, kwa sababu mimi peke yangu nilimwambia ukweli.

Niliipokea mihogo. Tukaila.