Grisi kwenye Prosesa

Miaka sita tangu aolewe, baba mkwe hakuwahi kuihesabu kazi yake kuwa kazi. Mzee alikuwa amefungua injini za malori tangu hajaota ndevu, na kwake kutengeneza kompyuta kulikuwa kubonyezabonyeza tu. Wateja walimwita mkwewe huyo Mama Bisibisi na kumpangia foleni dukani, lakini dharau ya yule mzee mmoja ilimuuma. Tusidanganyane, ilimuuma sana.

Jumamosi moja asubuhi mzee akampigia simu mwenyewe: kompyuta yake inazimika kila baada ya dakika tatu. Mama Bisibisi alipofika aliikuta mezani, imelazwa ubavu, matumbo nje.

"Nilipangusa vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi tu, baba?"

"Na ile pesti ya katikati ilikuwa imekauka. Nikaweka yetu."

Mama Bisibisi akafungua skrubu nne, akainua feni pamoja na bamba lake la kupozea. Lo! Prosesa ilikuwa imezama kwenye grisi ya beringi za magurudumu. Akauma midomo asicheke.

"Baba, grisi ni ya vinavyozunguka. Hapa hakizunguki kitu. Tunataka joto litoke kwenye prosesa lipande kwenye bamba, basi. Pesti yenyewe ni tone kama njegere."

"Tone moja! Mtu mzima na kazi ya tone moja!"

Akasafisha kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa, akaweka tone, akafunga, akawasha, akasoma joto kwenye skrini. Nyuzi sitini. Themanini. Tisini na tano. Skrini ikazima.

"Eeh," mzee akasema, na wala hakusikitika.

Mwingine angetoka jasho. Mama Bisibisi alivuta kiti akakaa, maana mwenda pole hajikwai. Akafungua tena, akageuza bamba na kuisoma pesti: upande mmoja imetandazika vizuri, upande wa pili imebaki nene vilevile. Bamba lilikaa upogo. Akazipanga zile skrubu mezani. Tatu zilikuwa na springi. Ya nne ilikuwa na washa mbili za chuma badala yake.

Angeweza kumaliza ubishi wa miaka sita kwa swali moja, nani kaitoa springi, tena mbele ya mama mkwe aliyesimama mlangoni na ufagio. Alitamani. Mungu anajua alivyotamani.

"Baba," akasema, "ukikaza nati za gurudumu upande mmoja kwanza, linakaaje?"

"Upogo, bila shaka. Unakaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo, zote zikiwa..." Mzee akaitazama skrubu ya nne, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati na kutoa springi ndogo. "Niliona inalegeza. Nimeitoa mimi."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida. Mama Bisibisi akaipokea springi kwa mikono miwili, akairudisha kwenye skrubu ya nne.

Tone jipya likawekwa. Skrubu zikakazwa kwa kukingamisha, nusu mzunguko huku, nusu kule, mzee akishika tochi. Nyuzi arobaini na mbili. Dakika kumi baadaye, arobaini na nne. Mama Bisibisi akaanza kurudisha kifuniko.

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa mwanawe.

"Baba, mke wangu yupo hapo? Nampigia hapokei. Hebu mpe simu."

Mzee akamtazama mkwewe, ameinama, skrubu mbili katikati ya midomo. Akasogea dirishani asimsumbue.

"Yuko kazini," akasema. "Piga baadaye."