Siku Niliyoikimbia Filimbi

Kila ninapopita kwa wapasua mbao pale Gatitu, harufu ya msonobari mbichi hunisimamisha. Watu hudhani nataka kununua mbao. Kumbe mwenzao niko mbali, nina miaka kumi na minne, nimesimama katika msitu wa ng'ambo na ramani mkononi, na sijui niliko.

Huenda hujawahi kusikia mbio za ramani. Unapewa ramani na dira, unaingia msituni, unatafuta vibendera kimoja baada ya kingine mpaka mwisho. Mwalimu Wambui, aliyetufunza jiografia, ndiye aliyeuleta mchezo huo shuleni kwetu. Tulifanyia mazoezi katika msitu ulio juu ya mji wa Nyeri, na hakuna aliyewahi kunishinda. Siri yangu ilikuwa Mlima, ule mkubwa unaoonekana kutoka kwetu. Ulikaa upande wa macheo siku zote, na hata ukijifunika mawingu nilijua ulipo, kama mtu ajuavyo mlango wa kwao. Dira niliivaa kama pambo tu.

Basi nikachaguliwa kwenda kushindana na vijana wa mataifa mengine. Kanisa zima liliniombea. Mama alinisuka nywele akiniambia, "Nyawira, usituaibishe huko." Mama mmoja wa kwaya akaongeza, "Na hiyo kikombe usiiache huko, sawa?"

Nchi tuliyofikia mimi na Mwalimu ilikuwa tambarare kama meza. Jua halikupanda utosini. Lilizunguka pembeni kama mgeni anayeogopa kukaribia. Maelezo ya mashindano yalitolewa kwa Kiingereza cha haraka, cha kuimbaimba, ambacho sikuwahi kukisikia. Wengine walipotikisa vichwa kukubali, nami nikatikisa changu. Kila mmoja alipewa filimbi ndogo. Niliivaa shingoni bila kuuliza ni ya nini.

Kabla ya kibendera cha nne nilikuwa nimepotea. Niligeuka kuutafuta Mlima, kwa mazoea tu, nikaona miti. Nikageuka tena, miti. Mwalimu alizoea kutuambia kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Mimi nilipotea kabisa, na sikujua chochote.

Hapo ndipo nilipomwona msichana wa rika langu, namba kifuani, ameketi kando ya kinamasi. Aliponiona alipuliza filimbi tena na tena, akinipungia mkono, akisema maneno nisiyoyajua. Sasa wewe niambie, shuleni kwetu filimbi ilikuwa na maana gani? Faulu! Nikajua nimekanyaga mahali palipokatazwa, na huyu ananishtaki. Alinitazama, nikamtazama, kisha nikakimbia. Filimbi yake ikanifuata kwa muda mrefu.

Nilikimbia bila kuangalia ramani, nikatokea barabarani, na barabara ikanifikisha mwisho wa mbio, walipokuwa wenzangu. Nilikuwa karibu wa mwisho, lakini watu walipiga makofi na Mwalimu akanikumbatia. Kisha msimamizi mmoja akainama mbele yangu, akaniuliza polepole ili nielewe: je, nilimwona msichana yeyote msituni? Nikawaza, wamekuja kwa ajili ya lile kosa langu.

"Sikumwona mtu," nikamjibu.

Walimpata baada ya saa mbili, kifundo cha mguu kimevunjika, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Nilimwona akipitishwa kwenye machela. Kichwa changu kilikataa kuunganisha mambo. Nilijiambia labda ni mwingine. Kesho yake, wakati wa chakula, alikuja kwa magongo mpaka mezani kwetu. Akanigusa mkono, akasema maneno machache kwa lugha yake. Usoni hakuwa na hasira, wala tabasamu sikuliona.

"Ni rafiki yako huyo?" Mwalimu akaniuliza.

"Sijui, Mwalimu," nikasema, na kwa kweli sikujua.

Nyumbani nilipokelewa kwa vigelegele, bila kikombe. Miaka ikapita. Nikaenda Nanyuki kusomea kazi ya kuwaongoza wapanda mlima, na asubuhi moja mkufunzi akapuliza filimbi mara sita. "Ukisikia hivi," akasema, "ujue kuna mtu anaitisha msaada. Uache kila kitu uende." Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi mpaka somo likaisha.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejitetea kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Pale kwenye ngazi niliona kwamba kutojua peke yake kungenifanya nisimame niulize. Kilichonikimbiza ni aibu: niliogopa kuonekana sijui.

Wiki hiyo nilikwenda Kiriaini, ambako Mwalimu Wambui amestaafu na analima chai. Nilimsimulia yote tukiwa tumesimama shambani.

"Kwani sikuwa nimekuambia filimbi ni ya nini?" akauliza mwishowe.

"Hukuniambia, Mwalimu."

"Na mimi niliona ukitikisa kichwa, nikasema huyu ameelewa." Alikitua kikapu chake cha chai chini. "Basi huyo mtoto tulimwacha sisi wawili."