Pango la Kulia

Harufu ya Webuye ilitufikia kabla ya mji wenyewe. Treni ilipoanza kupunguza mwendo, abiria waliozoea njia hiyo walisimama bila kuambiwa wakafunga madirisha, na wageni wakabaki wakiangaliana, kila mmoja akimshuku jirani yake. Ilikuwa harufu ya kiwanda cha karatasi, nzito kama kabichi iliyosahauliwa jikoni pamoja na mayai viza, na iliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, ikakaa kwenye nguo zetu hadi Kitale. Mimi niliipenda. Kila Agosti shule zikifungwa, harufu hiyo iliniambia kwamba Bungoma tumeiacha nyuma, kwamba hema lililofungwa kamba juu ya vichwa vyetu lingefunguliwa tena mlimani, na kwamba kwa siku chache Baba angekuwa wetu peke yetu. Siku hizi nikipita hapo kwa gari nafungua kioo makusudi. Nanusa vumbi la barabara kuu na mahindi ya kuchoma, basi.

Baba alifanya kazi kwenye stesheni ya Bungoma. Alivuta wenzo wa kubadilisha reli, ili treni ya kwenda Malaba ipite huku na mabehewa ya mizigo yaingie kule kusubiri. Kazi yake yote ilikuwa kujua upande, na hakuwahi kukosea, jambo alilolitaja wakati wa kula mara nyingi kuliko Mama alivyopenda kulisikia. Alikuwa na haki ya pasi ya familia ya kusafiri bure kwa treni kila mwaka. Wenzake waliitumia kwenda Mombasa kutazama bahari au kwenda kwao kuzika. Yeye alitupeleka Mlima Elgon kulala kwenye hema. Majirani zetu karibu na msikiti hawakuelewa kabisa. "Ati mnapanda treni kwenda kulala chini?" alisema mama mmoja aliyeuza mandazi mlangoni petu. "Si mje kwangu, bana. Chini iko tele." Mama alicheka, lakini aliporudi ndani aliendelea kukunja mablanketi, maana naye alizipenda zile safari, ingawa alijidai anaburutwa.

Baba alijivunia kitu kingine: Kiswahili chake. Babu alitoka pwani akifuata kazi ya reli, na ingawa Baba alizaliwa Bungoma na kukulia Bungoma, alikiweka Kiswahili cha Babu kama mtu anavyoweka saa ya urithi. Aliwasahihisha watu barabarani. Kwetu Bungoma herufi L na R hubadilishana nafasi bila ugomvi. Mtu anakula wali akiuita wari, na hakuna anayelala njaa kwa sababu hiyo. Baba hakuvumilia. Dada yangu Zainabu, aliyenizidi miaka michache na aliyekuwa na ulimi mkali, alimwigiza akiwa hayupo: "Sema *lala*, mwanangu. Ukisema *rara* hutapata usingizi."

Agosti ninayoikumbuka ndiyo ya mwisho. Tulibadilisha treni kwenye njia panda ya reli, tukapanda ile ya Kitale iliyochanganya abiria na mizigo, na mvua ikaanza kabla hatujakaa vizuri. Mashamba ya mahindi yalipita taratibu dirishani, mabua yameinamia upande mmoja. Mlima, ambao miaka mingine tuliuona mapema na kushindana nani auone kwanza, haukuonekana. Mahali pake palikuwa na wingu jeusi lililokaa chini sana, na Zainabu akasema, "Leo wameuondoa." Kitale tulinunua viazi na mkate, tukapata lori la mahindi hadi Endebess, na dereva alipotuona na hema letu aliuliza kama tuna hakika. Baba alijibu kwamba yeye huenda kila mwaka. Dereva akasema, "Sawa mzee," kwa sauti ya mtu aliyekwisha nawa mikono.

Kwenye lango la mbuga askari wa zamu alikuwa kijana mwenye koti kubwa la mvua, mtu wa Bungoma kama sisi. Baba alimweleza kwamba mwaka huu, kwa sababu ya mvua, tungependa kupiga hema ndani ya mdomo wa pango. Alisikia kuna mawili, karibu karibu.

"Ni sawa tu, mzee," askari akasema. "Lakini pango ya kuria, hapana. Hiyo muache kabisa."

Baba akatabasamu. Nililijua tabasamu lile. "Wakuria wako kule mpakani na Tanzania, kijana. Sema *kulia*."

"Si ndiyo hiyo nimesema? Pango ya kuria."

"Ku-li-a."

"Haya mwalimu, kulia," askari akasema akicheka, nasi tukacheka, na Baba akampa mkono. Waliachana kama marafiki. Kila mmoja alikuwa amepata alichotaka: askari alikuwa ametoa onyo, na Baba alikuwa amesikia neno likitamkwa ipasavyo.

Njia iligawanyika penye mti mkubwa ulioanguka. Ya mkono wa kulia ilikuwa nyembamba, imejaa majani ya kiwavi yaliyotuchoma miguu tulipoikaribia tu. Ya kushoto ilikuwa pana, imekanyagwa ikawa laini kama sakafu ya udongo. "Mnaona?" Baba akasema. "Kushoto. Hata njia yenyewe imetengenezwa." Mama aliuliza imetengenezwa na nani. Baba akasema na watu wa mbuga. Nilitazama chini muda wote, kwa sababu nilikuwa nimebeba sufuria na niliogopa kuteleza, na sikuona alama ya kiatu hata moja.

Pango lilikuwa na mdomo mpana kuliko stesheni yetu. Maji yalidondoka kutoka juu, yakafanya pazia, na nyuma ya pazia hilo palikuwa pakavu, giza likianza hatua chache tu kutoka pale tuliposimama. Ndani kabisa popo walilia kwa sauti nyembamba. Nilikuwa mtoto wa kukagua vitu. Niliona kuta zimechanwachanwa, mistari mirefu kwenda juu, mingine ya zamani imeshakuwa myeusi, mingine myeupe kana kwamba imechorwa asubuhi ile. Niliona kona za mawe zimesuguliwa zikang'aa, juu zaidi ya kichwa cha Baba. Na niliona mavi. Mama aliyaona pia, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Baba Zainabu, haya ya nani?"

"Ng'ombe. Wafugaji wa huku huwaleta mapangoni."

"Ng'ombe huyu akija kwetu," Mama akasema, "nitamwamkia shikamoo."

Tulicheka sana, na kicheko kikaingia ndani ya pango, kikakaa huko kidogo kabla ya kurudi. Kisha Baba akapanga kazi, kama alivyopanga mabehewa. Yeye, Mama na mimi tungeenda kutafuta kuni zisizolowa kabla ukungu haujashuka. Zainabu, kwa kuwa ni mkubwa, angebaki kulinda vitu, afagie mahali pa kulala kwa matawi, atundike kanga zilizolowa kwenye mawe ya ndani. "Kaa humu humu," Baba alimwambia. "Usitoke nje." Zainabu akamwambia nje kuna nini cha kutokea.

Ukungu ulishuka tukiwa bado karibu, tukikusanya vijiti chini ya miti iliyo mkabala na pango. Kwanza nyani waliokuwa wakigombana juu yetu wakanyamaza. Halafu nilihisi kitu miguuni. Watoto wa stesheni hujua hisia hiyo: treni ikiwa bado mbali, hujaisikia wala kuiona, reli huanza kutetemeka, na ukiweka kiganja utaijua inakuja. Nilimtazama Baba, na kwa namna alivyoinua kichwa niliona naye ameijua. Lakini hapakuwa na reli.

Walipita kati yetu na pango. Walikuwa ndovu, mmoja nyuma ya mwingine, mikonga imeshika mikia au imelegea chini, na ukungu uliwafanya waonekane hawana miguu. Sikuwahi kudhani kitu kikubwa hivyo kinaweza kutembea kimya hivyo. Walifuata njia ile pana bila kusita, kama watu wanaorudi nyumbani, wakapita pazia la maji mmoja mmoja, na giza likawapokea. Mtoto wao alikuwa wa mwisho. Alisimama kidogo mlangoni, akachezea maji, kisha naye akaingia.

Baba alianza kukimbia. Mama alimkamata koti kwa mikono miwili, na wakaanguka wote kwenye matope. Alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Ukipiga kelele watageuka, na wakigeuka, yumo miguuni mwao." Baba alibaki amepiga magoti. Mimi nilikuwa bado nimekumbatia kuni. Kutoka ndani ya pango ilianza kusikika sauti ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta gunia la mawe juu ya saruji, ikanyamaza, ikaanza tena. Katikati yake palikuwa na sauti ya kusaga, ya taratibu, isiyo na haraka yoyote. Popo walitoka wengi pamoja. Tulisubiri sauti ya Zainabu, na wakati huohuo tuliomba tusiisikie. Midomo ya Mama ilikuwa ikisoma dua. Sijui tulikaa muda gani; najua tu kwamba kuni ziliniachia alama mikononi ambazo zilidumu hadi tuliporudi Bungoma.

Walitoka kama walivyoingia. Ardhi ilitetemeka, ikatulia. Baba alikwenda hadi pangoni. Alisimama tu mbele ya maji. Ndipo Zainabu akatoka mwenyewe, polepole, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine umeshika tawi la kufagilia. Nywele zake zilikuwa zimelowa ute.

"Wanakula, Baba," alisema. "Wanakula ukuta."

Baba alimtazama, kisha akatazama ile mistari myeupe, alama za pembe zilizochimba chumvi ukutani, akakaa chini palepale kwenye maji. "Kulia," alisema. "Mahali pa kulia." Alilirudia neno hilo mara kadhaa, akilitamka vizuri sana.

Tulirudi kwa treni ya kwanza tuliyoipata. Zainabu alikaa dirishani, na kutoka Kitale hadi Webuye alisema jambo moja tu, nilipomuuliza kama walimwona. "Mmoja alininusa kichwani," alisema. "Kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha." Harufu ya kiwanda ilipofika, abiria walisimama kufunga madirisha, na Baba alisahau kufunga letu.

Hatukupiga hema tena. Na kuanzia siku ile Baba hakulitumia lile neno. Alisema *mkono wa kuume*, kama Babu. Majirani walidhani anazidi kujifanya mtu wa pwani, wakamtania hadi uzeeni: "Mzee Kuume, shikamoo!" Aliitikia kwa heshima, asieleze. Tuliojua sababu tulikuwa wanne tu ndani ya nyumba. Sasa tumebaki wawili.

Zainabu anaishi Kitale, nyuma ya msikiti, karibu vya kutosha na reli kusikia mabehewa ya mizigo yanapopita mara mojamoja, lakini abiria hawapo tena. Hajapenda mtu amguse kichwani tangu siku ile. Hata nywele alisukwa na Mama tu. Agosti iliyopita nilikuwa kwake wakati binti yake, Halima, alipochukua watoto wake kwenda kupiga kambi mlimani. Zainabu hakumkataza. Alimwambia tu aulize kila kitu mara mbili. Jioni, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye paa za mji, ujumbe wa sauti ukaingia, tukausikiliza pamoja kwenye baraza.

"Mama, tumefika salama. Ni pazuri ajabu! Tumeweka hema hapa kwa lile pango la kulia."

Zainabu alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, akapiga tena, mkono wake mwingine uko juu ya kichwa. "Kulia gani, Rehema?" aliniuliza. "Kulia gani?" Nilimpigia mtu tuliyemjua Endebess, naye akasema mvua ni kubwa, barabara imekatika, atajaribu asubuhi. Hatukulala. Kila lori lilipopita barabarani na kutikisa vikombe kabatini, tulitazamana.

Simu ililia kulipopambazuka. Halima alikuwa akicheka, na nyuma yake tulisikia watoto wakigombea uji. "Mama, si uliniambia niulize mara mbili? Niliuliza. Ni lile lile la ndovu. Tuliweka hema mbali, ng'ambo, watoto wakakesha na tochi wakiwangojea. Hakuna kitu. Popo tu."

Nilimwona dada yangu akifumba macho. Nilidhani anashukuru, na nadhani alishukuru kweli. Kisha akauliza, polepole, "Kuta je? Mistari ni myeupe?"

"Ni myeusi yote, Mama."

"Na mavi?"

"Hata mavi hakuna. Njia yenyewe imeota nyasi."

Zainabu aligeuka akatazama upande wa mlima hadi Halima akaita haloo, haloo. Mkono wake ulikuwa umeshuka kutoka kichwani, umelala kwenye paja.

"Basi fungeni vitu," alisema hatimaye. "Mrudi nyumbani."

"Kwa nini, Mama, na hakuna cha kuogopa?"

"Nimesikia," akasema Zainabu. "Hata wa kungojewa hakuna. Mrudi."